Baada ya Upasuaji wa Kuondoa Kizazi: Mambo ya Kutarajia na Haki za Kudai

Upasuaji wa kuondoa kizazi ni miongoni mwa upasuaji mkubwa unaofanywa kwa wanawake. Sababu zake ni nyingi: uvimbe wa faibroidi unaoleta damu nyingi au maumivu, kizazi kilichoshuka, saratani ya kizazi au ya mlango wake, na wakati mwingine kuokoa maisha ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Katika somo hili hatuzungumzii uamuzi wa kufanyiwa upasuaji huo, kwa kuwa uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe baada ya kushauriana na daktari wake. Tunazungumzia wiki zinazofuata, ambazo mgonjwa huzipitia zaidi nyumbani kuliko hospitalini, mara nyingi akiwa na maelezo machache mkononi.

Tunamwomba msomaji ashike mambo mawili. La kwanza, kidonda cha nje hupona kabla ya kidonda cha ndani. Ngozi inaweza kufunga ndani ya wiki 2, ilhali tishu za ndani huhitaji wiki 6 hadi 8 kupata nguvu. Madhara mengi yanayoweza kuepukika hutokea katika pengo hilo, pale mshono unapoonekana umekauka na mgonjwa akarudia ndoo na jembe. La pili, mgonjwa ana haki ya kujua kwa jina na kwa maandishi ni viungo gani vilivyoondolewa mwilini mwake, kwa sababu maisha yake ya baadaye yanategemea jibu hilo.

Fahamu kilichoondolewa

Watu husema "ametolewa kizazi" kana kwamba ni jambo la namna moja. Sivyo. Kuna upasuaji unaoondoa kizazi pamoja na mlango wake, na kuna unaoondoa kizazi na kuuacha mlango. Mirija ya uzazi huweza kuondolewa au kuachwa. Vilevile ovari, yaani viungo viwili vinavyohifadhi mayai na kutengeneza homoni za kike, huweza kuachwa zote, kuondolewa moja, au kuondolewa zote mbili. Katika matibabu ya saratani, daktari huweza kuondoa pia tishu zinazozunguka kizazi na sehemu ya juu ya uke.

Tofauti hizi si za kitabibu tu. Ikiwa ovari zimeachwa, hedhi itakoma na mimba haitawezekana tena, lakini homoni zitaendelea kutengenezwa kwa muda, ingawa ukomo wa hedhi unaweza kufika mapema kidogo kuliko ambavyo ungefika. Ikiwa ovari zote mbili zimeondolewa kabla ya umri wa ukomo wa hedhi, dalili zake huanza ndani ya siku au wiki chache: joto la ghafla mwilini, kutokwa jasho usiku, usingizi kupaa, uke kuwa mkavu na hali ya moyo kubadilika. Mifupa nayo hupoteza ulinzi wa homoni mapema. Mwanamke wa namna hii anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu matibabu ya kurudishia homoni, ambayo huwafaa wengi lakini hayamfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Ikiwa mlango wa kizazi umeachwa, mambo mawili yafuatayo yanamhusu mgonjwa. Anaweza kuona matone ya damu kila mwezi, na anapaswa kuendelea kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine. Aliyeondolewa mlango wa kizazi kwa sababu ya saratani au dalili zake za awali naye amuulize daktari ratiba yake ya kufuatiliwa.

Siku za hospitalini

Kizazi huweza kuondolewa kwa kupasua tumbo, kwa kupitia ukeni, au kwa matundu madogo tumboni kwa msaada wa kamera. Njia ya tumbo ndiyo yenye kidonda kikubwa, na mgonjwa hukaa hospitalini siku kadhaa. Njia nyingine mbili kwa kawaida huruhusu kutoka mapema zaidi na kupona haraka zaidi, lakini hazifuti haja ya kupumzika, kwa kuwa ndani kuna mshono vilevile.

Mgonjwa anapozinduka kutoka katika nusukaputi asishtuke kukuta dripu mkononi na mpira wa mkojo. Mpira huo mara nyingi hutolewa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya hapo wauguzi wataulizia kama amekojoa vizuri. Tumbo hujaa hewa. Kutoa hewa hiyo ni ishara njema kwamba matumbo yameanza kazi. Aliyefanyiwa upasuaji wa matundu anaweza kuhisi maumivu begani, yanayosababishwa na hewa iliyotumika kuinua tumbo, nayo hupita baada ya siku chache.

Wauguzi watamhimiza mgonjwa ainuke na kutembea mapema, pengine siku inayofuata. Ndugu wanaomhurumia wasimzuie. Kulala bila kujongea huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni huweza kuua. Akiwa kitandani, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kwa mara. Akitaka kukohoa au kucheka, akandamize mto mdogo au khanga iliyokunjwa juu ya mshono.

Hati za kuondoka nazo

Kabla ya kutoka wodini tunashauri mgonjwa, au ndugu anayemhudumia, ahakikishe amepata yafuatayo:

1. Karatasi ya ruhusa inayotaja aina ya upasuaji, sababu yake na viungo vilivyoondolewa. Ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoielewa, aombe atafsiriwe.
2. Maelezo kuhusu kinyama kilichopelekwa maabara: kimepelekwa wapi, na majibu yatatoka lini. Majibu haya ndiyo yanayothibitisha kama kuna saratani au hakuna. Usiyaache maabara kwa sababu tu unajisikia umepona.
3. Orodha ya dawa, kipimo cha kila dawa na siku za kuitumia.
4. Tarehe ya kurudi kliniki, na ya kutoa nyuzi iwapo si zile zinazoyeyuka zenyewe.
5. Cheti cha daktari kinachotaja siku za mapumziko, kwa aliyeajiriwa.
6. Stakabadhi ya kila malipo pamoja na mchanganuo wa gharama. Mwenye bima ya afya aulize mapema ni nini bima yake inagharamia.

Asiye na uwezo wa kulipa aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mwenye jukumu la kupokea maombi ya msamaha wa gharama. Ni vyema kufanya hivyo kabla ya siku ya kuruhusiwa.

Wiki 2 za kwanza nyumbani

Uchovu wa siku hizi ni mkubwa kuliko wengi wanavyotazamia. Mgonjwa anaweza kuamka vizuri, akaoga, akanywa uji, kisha akajikuta hana nguvu tena. Hiyo si dalili ya ugonjwa mpya. Alale mchana, na kila siku atembee kidogo ndani na nje ya nyumba, akiongeza hatua pole pole.

Kutoka kitandani kuna utaratibu wake: ageukie ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono. Anayelala chini kwenye mkeka atafutiwe kitanda, kwa kuwa kuinuka kutoka sakafuni hukaza tumbo. Kwenye choo cha kuchuchumaa awe na kitu cha kushika, au apatiwe kiti chenye tundu kwa siku za mwanzo. Anayesali kwa kurukuu na kusujudu anaweza kusali akiwa ameketi mpaka maumivu yaishe.

Ute wenye damu, mwekundu kisha wa kahawia, unaweza kutoka ukeni kwa wiki kadhaa, hata kufikia 6. Atumie pedi au vitambaa safi vilivyofuliwa na kukaushwa juani. Asiingize kitu chochote ukeni. Kuoga kwa maji safi yanayotiririka kunaruhusiwa daktari akisharidhia, kisha mshono ukaushwe kwa kitambaa safi bila kusugua. Asikae ndani ya beseni la maji.

Hapa tunapaswa kusema wazi kuhusu desturi ya kukanda. Katika jamii zetu nyingi mama aliyejifungua hukandwa tumbo kwa maji ya moto, na mama au mkwe mwenye nia njema anaweza kutaka kumfanyia hivyo aliyetolewa kizazi. Isifanyike. Kidonda hiki si cha uzazi: kumekatwa na kushonwa mishipa ya damu, na kukandamiza kwa maji ya moto huweza kuunguza ngozi iliyopoteza hisia au kufungua mshono. Vivyo hivyo kujifukiza na kuweka mitishamba ukeni au juu ya kidonda huleta maambukizi. Wazee wanaotaka kusaidia tuwaelekeze kwenye msaada wenye manufaa makubwa: kuchota maji, kupika na kulea watoto wadogo.

Chakula, choo na dawa

Kukosa choo ni adha ya kawaida baada ya upasuaji. Maji ya kutosha, mboga za majani, papai, maharage na uji wa nafaka isiyokobolewa husaidia, pamoja na kutembea. Mgonjwa asijikamue chooni. Choo kisipopatikana kwa siku kadhaa, aombe dawa ya kulainisha.

Wanawake wengi wanaofanyiwa upasuaji kwa sababu ya faibroidi huwa wamepungukiwa damu kwa muda mrefu. Wakipewa vidonge vya madini ya chuma, wavimeze bila chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kuingia mwilini; chungwa au tunda lingine chachu husaidia. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, jambo lisilopaswa kuwatia hofu.

Dawa za maumivu zinywewe kwa ratiba iliyoandikwa katika siku za mwanzo, bila kungoja maumivu yazidi. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na izingatiwe kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Diklofenaki na ibuprofeni hazimfai kila mtu; mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amweleze daktari kwanza. Antibayotiki, iwapo zimeandikwa, zimalizwe. Dawa zinunuliwe katika famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, na mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi na kudai stakabadhi.

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6

Hiki ndicho kipindi cha hatari iliyojificha. Maumivu yamepungua, wageni wameacha kuja kumjulia hali, na kazi za nyumbani zimeanza kumwita mgonjwa. Tunashauri kipimo rahisi: mpaka wiki 6 zitimie, asinyanyue kitu kizito kuliko dumu la maji la lita 5. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, mara nne ya kipimo hicho. Mtoto mdogo apandishwe na mtu mwingine mapajani mwa mama, mama asiinamie kumnyanyua.

Kazi nyepesi zinawezekana: kuchambua mboga akiwa ameketi, kukunja nguo, kuosha vyombo vichache vilivyo usawa wa kiuno. Kazi za kuahirishwa ni kuchota maji, kubeba kuni, kutwanga, kulima, kupiga deki, kufua nguo nyingi kwa mikono na kusonga ugali wa watu wengi. Bodaboda na safari ndefu za barabara mbovu ziepukwe. Safari ya lazima igawanywe, mgonjwa ashuke na kutembea kila baada ya muda. Anayeendesha gari asirudi kwenye usukani mpaka aweze kukanyaga breki kwa ghafla bila maumivu, na awe ameacha dawa zinazoleta usingizi.

Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia kuzuia mkojo usivuje. Mwanamke hukaza misuli kama anayezuia mkojo, hushikilia kwa sekunde chache, kisha hulegeza; hurudia mara kadhaa kwa siku. Aanze baada ya mpira wa mkojo kutolewa na daktari kuridhia.

Tendo la ndoa na hali ya moyo

Tendo la ndoa lisubiri angalau wiki 6, ute uwe umekoma na daktari awe amemchunguza mgonjwa. Pale ulipoondolewa mlango wa kizazi, mwisho wa uke umeshonwa, na mshono huo ukifunguka ni dharura. Mume ahudhurie kliniki pamoja na mkewe ikiwezekana, ili asikie maelezo haya kwa daktari mwenyewe na mzigo wa kuyaeleza usimwangukie mgonjwa.

Kuna maneno mengi ya mitaani ambayo hayana ukweli. Tumboni hakubaki shimo. Matumbo hujisogeza na kujaza nafasi. Uke haupotei, na mume hadhuriki kwa lolote. Wanawake wengi huendelea kufurahia tendo la ndoa, na waliokuwa wakisumbuliwa na damu au maumivu huweza kulifurahia zaidi. Palipo na ukavu, vilainishi vya maji vinavyouzwa famasi husaidia.

Hata hivyo, huzuni inaweza kuja. Kwa mwanamke aliyetamani mtoto, au aliyezoea kusikia kwamba thamani yake ni uzazi wake, upasuaji huu ni msiba usio na matanga. Machozi ya siku chache ni ya kawaida. Lakini huzuni ikidumu zaidi ya wiki 2, akikosa usingizi na hamu ya kula, au akiwaza kujidhuru, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Na tunawaambia wanandugu waziwazi: kumsema mwanamke kwa kuondolewa kiungo kilichokuwa kikihatarisha uhai wake ni kumjeruhi mara ya pili.

Dalili za kurudi hospitalini mara moja

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona lolote kati ya haya:

• Damu nyekundu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa ya damu.
• Homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
• Mshono kuvimba, kuwa mwekundu, kutoa usaha au kuachia.
• Ute wa ukeni wenye harufu mbaya.
• Maumivu ya tumbo yanayozidi, pamoja na kutapika au tumbo kujaa.
• Kigimbi cha mguu mmoja kuvimba na kuuma.
• Kifua kuuma au kupumua kwa shida ghafla.
• Kushindwa kukojoa.
• Mkojo kuvuja ukeni mfululizo bila kuzuilika.

Dalili ya mwisho hufichwa na wengi kwa aibu. Inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke, nayo inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikitibu fistula bila malipo. Hakuna sababu ya mwanamke kujitenga ndani ya nyumba kwa tatizo lenye tiba.

Kazi na ruhusa ya ugonjwa

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa likizo wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Bila cheti, mwajiri halazimiki kulipa. Siku 63 ni wiki 9, muda unaotosha mapumziko ya wiki 6 hadi 8 yanayohitajika kwa kawaida. Kwa hiyo mwanamke mwenye ajira asirudi kazini wiki ya 3 kwa hofu ya mshahara kabla ya kuwasilisha cheti chake. Mwenye kazi ya kusimama au kubeba amwombe daktari aandike wazi aina ya kazi anayozuiwa na kwa muda gani.

Usiporidhika na huduma

Anza kwa kuuliza wodini, kisha kwa mganga mfawidhi wa hospitali, kwa maandishi, ukibaki na nakala. Jambo linalohusu mwenendo wa daktari huweza kupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na linalohusu muuguzi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Taja tarehe, mahali na kilichotokea, na ambatisha nakala za hati zako. Ndiyo sababu tumesisitiza kuzihifadhi.

Maswali ya kujipima

Msomaji anayejiandaa kwa upasuaji, au anayemuuguza ndugu yake, ajaribu kuyajibu maswali haya kabla ya kufunga kijitabu. Asiloliweza amuulize daktari au muuguzi.

1. Je, ovari zitaachwa au zitaondolewa? Na mlango wa kizazi?
2. Majibu ya maabara yatatoka lini, na nani atayafuata?
3. Kwa wiki 6 zijazo, nani atachota maji na kubeba mtoto nyumbani kwetu?
4. Ni dalili zipi zitakazotufanya tuondoke kwenda hospitalini hata usiku, kwa usafiri gani?

Swali la 3 huonekana jepesi kuliko yote. Tunapendekeza lijibiwe kwa jina la mtu, mbele ya familia nzima, kabla ya siku ya upasuaji.